Pumzi za Ghala la Tatu

Watu hustaafu wakiwa na mvi, wakapewa saa ya ukutani na soda. Mimi nimestaafu nikiwa bado nanyonyesha, na kitu cha mwisho nilichoambiwa kazini ni niache hedifoni mezani. Sawa. Hedifoni nimeziacha. Haya mengine nimeondoka nayo, na nawaandikia ninyi mliobaki pale ghorofani Kabeza, pamoja na huyo aliyekalia kiti changu, kwa sababu najua hakuna atakayewaambia. Vyeo siandiki, maana havikuwepo. Mishahara mnaijua wenyewe. Nataka kuandika juu ya gemu moja, Sikio, na juu ya mtu mmoja, Dada Solange, ambaye baadhi yenu mnamjua kama picha iliyobandikwa karibu na birika la chai.

Nilianzia kwenye duka la magodoro lililo chini ya ofisi yenu. Nilikuwa nimemaliza sekondari Kahama, nilikokulia, nikarudi Kigali kwa shangazi yangu nikiamini cheti changu kitanifungulia mlango. Hakikufungua. Nikawa nauza magodoro. Ijumaa moja akashuka mwanamke mwembamba mwenye hedifoni shingoni, akaniuliza kama nina nafasi kidogo nipande juu nicheze gemu. Nilidhani ni utapeli. Nilipanda kwa sababu siku hiyo hakuna aliyekuwa ananunua godoro.

Alinikalisha mbele ya kompyuta, akanipa kontrola, akakaa nyuma yangu, halafu akaikalia mikono yake. Kweli kabisa, kila mkono chini ya paja. Nilikufa kwenye mlango wa kwanza. Nikafa tena. Nikageuka kumwangalia, naye akatazama dari. Nilipochoka kufa nikamwambia gemu yao ni mbaya: mwanamke wa mle ndani anasukuma mlango ambao mtu yeyote mwenye macho anaona ni wa kuvuta.

Solange akawauliza wenzake nani mwingine ameliona hilo. Hakuna. Walikuwa wanaupita mlango ule kila siku, vidole vyao vimeuzoea kama unavyozoea ngazi iliyovunjika nyumbani kwenu. Wiki iliyofuata nilikuwa mfanyakazi wao. Mwenye duka la magodoro hajanisalimia mpaka leo.

Kwa wale ambao bado hamjui kazi yenyewe: tunajaribu gemu kabla haijauzwa. Shangazi yangu aliona aibu kuwaambia watu wa kanisani kwamba nalipwa kwa kucheza, akawaambia niko kwenye kompyuta. Si kucheza. Ni kupita mlango uleule tangu asubuhi mpaka jioni, kila mara kwa namna tofauti, ukitafuta namna ambayo mlango utakataa. Ukiona kasoro unaandika ulisimama wapi, ulibonyeza nini, kilitokea nini. Hakuna anayetaka kujua ulijisikiaje. Solange peke yake ndiye aliyekuwa anauliza hilo.

Solange alikulia Bujumbura, akaja Kigali na mama yake, wakapanga nyumba Gatsata, kule juu ya magereji. Bosi Kalisa alikulia Kampala. Fiston, yule wa programu, alitoka Goma. Mimi Kahama. Kinyarwanda cha kila mmoja kilikuwa na kilema chake, na tulikuwa tunachekana, basi ofisini tukaongea Kiswahili, ambacho kila mmoja alikiharibu kwa amani bila kuchekwa. Ndiyo sababu Sikio iliongea Kiswahili. Baadaye kwenye matangazo walisema ulikuwa mkakati wa soko. Haukuwa mkakati wowote.

Solange ndiye aliyenifundisha kanuni ya macho mapya, na naiandika hapa kwa sababu ilifutwa na nyinyi hamkuikuta. Kila Ijumaa tulitafuta mtu ambaye hajawahi kuigusa gemu yetu. Mama wa chapati, dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, fundi aliyekuja kutengeneza bomba. Tunamkalisha, tunakaa nyuma yake, na tunakalia mikono. Ukimwelekeza kwa kidole, umeharibu kipimo. Ukiguna, umeharibu kipimo. Solange alisema mjaribu gemu ni kama mpishi aliyeonja mchuzi tangu asubuhi: jioni hajui tena kama una chumvi. Sisi tulikuwa wapishi wa namna hiyo, akasema, kwa hiyo tukope midomo ya watu.

Sasa niseme juu ya gemu yenyewe, maana kwenye mtandao wamesema mengi na wengi wao hawakufika hata nusu.

Mwanamke anaitwa Maria. Anafanya kazi kiwandani, kwenye maghala makubwa kama yale ya Masoro, anabaki amefungiwa, umeme unakatika. Ndani kuna kitu tulichokiita Msikilizaji. Hakina macho. Kinasikia. Maria ana tochi ya simu na betri yake ni ndogo. Akikimbia anahema, akihema anasikika, akisikika amekwisha. Kwa hiyo unamkimbiza kidogo, unamsimamisha, unabonyeza kitufe cha kuzuia pumzi, unasubiri. Ukizuia mno, pumzi inamtoka kwa nguvu, na hiyo ni mbaya kuliko kama ungehema taratibu. Hiyo ndiyo gemu nzima. Nimeona gemu nyingi za kutisha zinazokurushia maiti usoni. Hii ilikutisha kwa kifua cha mtu.

Uzuri wake wa pili ni vile vyumba vya jiko. Kwenye kila ghala kuna chumba cha walinzi chenye jiko la mkaa, mbabura ya kawaida kabisa. Msikilizaji haingii mle. Maria anakaa kwenye kigoda, anakunjua mikono juu ya makaa, na pumzi zake zinashuka polepole mpaka huzisikii. Hapo ndipo gemu inahifadhi ulipofika. Hakuna kinachotokea. Ni mtu amekaa kwenye moto. Bosi alitaka kukifuta chumba hicho, akisema kinapoteza muda wa mchezaji. Solange akakataa, akasema mtu akiogopa bila kupumzika anaacha kuogopa, anachoka tu.

Sauti ya pumzi ilikuwa yake. Hatukuwa na hela za mwigizaji, na hata tungekuwa nazo sijui kama tungempata wa kuhema. Solange alivaa kipaza sauti kidogo kwenye kola, akapanda ngazi za jengo mbio, akashuka, akapanda tena, Fiston akimfuata na mashine ya kurekodi huku anamtania kwamba anahema kama mbuzi wa Krismasi. Wauza magodoro walitoka kuangalia. Solange akacheka mpaka tukafuta rekodi tukaanza upya. Hizo ndizo pumzi za ghala la kwanza. Ukizisikiliza vizuri, kuna mahali Maria anameza mate kama mtu anayezuia kicheko. Hilo halikuwa kwenye mpango. Tuliliacha.

Halafu moyo wa Solange ukaanza kumsumbua. Mwanzoni tulidhani amechoka. Akawa anasimama kwenye ngazi, anashika ukuta, anasema anaangalia simu. Tulipofika kwenye kurekodi ghala la tatu, ambalo Maria anakuwa amechoka sana, Fiston alichukua mashine akaelekea mlangoni kama kawaida. Solange akabaki kwenye kiti.

"Leo ngazi za nini?" akasema. "Hii hapa tayari. Washa tu."

Fiston akawasha. Hakuna aliyemtania.

Alipoanza kulazwa, Bosi aliifuta kanuni ya macho mapya. Alisema wawekezaji wanaogopa watu wa nje wataiba siri ya gemu. Mama wa chapati angeiba nini, sijui. Kuanzia hapo gemu ilijaribiwa na sisi tu, na vidole vyetu vilikuwa vimeshakuwa vya ajabu. Tulilipita ghala la tatu tukiongea habari za mpira. Mtu akisema rahisi, Fiston alipandisha uwezo wa Msikilizaji wa kusikia. Wiki inayofuata tunazoea, tunasema rahisi tena, anapandisha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nasema hilo kwa sababu nina hasira na sitaki hasira inifanye nidanganye.

Mimi wakati huo nilikuwa mjamzito, nikaenda likizo ya uzazi. Ineza alizaliwa kwa shida, nikakaa ndani. Ndipo Solange akanipigia simu kutoka hospitali, anaongea kwa vipande. Akaniambia ameshamaliza kurekodi chumba cha mwisho. Mle Maria anapata simu ya mezani inayofanya kazi, anapiga nyumbani. Kulikuwa na karatasi yenye maneno aliyoandika Bosi.

"Sikusoma karatasi," akasema. "Niliongea na Mama."

Nikamuuliza kwa nini asimwambie nyumbani, wanaishi nyumba moja. Akasema kuna mambo ukiyaanza nyumbani, Mama analia kabla hujafika katikati, halafu unageuka unaanza kumbembeleza, na jambo lenyewe linabaki. Kwenye kipaza sauti alifika mpaka mwisho. Akaniomba gemu ikitoka nimpelekee Mama yake, nicheze mimi mpaka chumba kile, asikie. Nikasema nitafanya. Nilidhani nimeahidi kitu kidogo. Nilikuwa nimelipita ghala la tatu mara ngapi!

Alifariki kabla sijarudi kazini. Sikwenda kumzika, Ineza alikuwa mchanga mno na wanawake wa nyumbani walinikataza kutoka.

Niliporudi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvaa hedifoni na kufungua ghala la tatu. Nikafa. Nikarudia, nikafa. Siku nzima sikufika hata kwenye ngazi za chuma zinazopanda kwenye chumba cha simu. Nilikuwa nimekaa miezi bila kugusa kontrola, vidole vyangu vilikuwa vimesahau kila kitu. Sasa sikilizeni vizuri, ninyi mliobaki: kwenye kazi yetu, hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote mtu anayoweza kuingia nayo ofisini. Nilikuwa macho mapya. Nilikuwa muuza magodoro tena. Niliona jinsi Msikilizaji anavyosikia hata Maria akigeuza shingo. Niliona kwamba kutoka jiko la pili mpaka mwisho hakuna pa kukaa, na ukifa unarudishwa nyuma kabisa. Niliona betri ya tochi inaisha kabla mtu wa kawaida hajaelewa ramani. Nikaandika yote, nikaomba kikao.

Fiston akasoma, akatabasamu. "Haiko nguvu, si ngumu, Mama Ineza. Ni vidole. Vimezoea pampasi."

Walicheka wote. Hata yule dada mpya anayechora picha za gemu, ambaye hajazaa na hajui atazaa nini, alicheka. Bosi akaniambia kwa upole ule wake unaouma kuliko tusi kwamba nisiwe na haraka, akina mama wote wanarudi hivi, nitapata hali yangu ya zamani.

"Hali yangu ndiyo hii," nikasema. "Na anayenunua gemu ana hali hii hii. Hajazoea."

Bosi akasema wenzangu wanne wanalipita. Nikasema ndiyo ugonjwa wenyewe. Akasema tusitumie neno ugonjwa kwenye ofisi iliyo na msiba. Hapo nikanyamaza, na najuta kunyamaza, maana Solange angecheka.

Ijumaa nilishuka dukani nikamchukua msichana aliyechukua kazi yangu kwenye magodoro, nikampandisha. Bosi alimgeuza mlangoni. Nikarudi kiti changu, nikafanya kile ambacho Bosi alitaka: niliendelea kujaribu mpaka vidole vikazoea kiasi. Nilipofika kwenye ngazi za chuma kwa mara ya kwanza walipiga makofi, wakasema Mama Ineza amerudi. Mimi nilijua macho niliyoleta kutoka kwa mwanangu yamekufa hapohapo kwenye kiti, na hakuna aliyeyatumia.

Gemu ikatoka. Ilinunuliwa, si vibaya. Watu walisifu giza, walisifu sauti za mabati, walisifu kwamba hatimaye kuna kitu cha kutisha kinachofanana na kwetu. Halafu wakafika ghala la tatu. Nilisoma maoni yote, mpaka ya Brazil kwa kutafsiriwa na mashine. Wengine walisema ni gemu ya watu wenye chuki na wachezaji. Wengine walijivunia kwamba wanateseka. Mchambuzi mmoja, ambaye watu wengi humsikiliza, aliipanga kwa uzuri na ubaya. Uzuri: pumzi, giza, jiko. Ubaya: ramani, betri, adhabu ya kurudishwa mbali. Mpaka hapo nakubaliana naye neno kwa neno. Kisha akaandika kwamba ubaya mkubwa kuliko wote ni kwamba ni gemu kavu, Maria hana ndugu, hana nyumbani, hatumjui ni nani, hakuna mahali anasema neno moja la kibinadamu.

Nilisoma sentensi hiyo nikiwa namnyonyesha Ineza, nikairudia kwa sauti mpaka akaachia ziwa kuniangalia. Mahali papo. Hukufika. Hakuna aliyefika. Nilitafuta kwenye mtandao wiki baada ya wiki, video zote zinaishia kabla ya ngazi za chuma au juu yake kidogo, na mtu anatukana, anazima.

Nikaenda kwa Bosi nikamwomba mambo mawili. La kwanza, turekebishe: tupunguze uwezo wa kusikia, tuweke jiko moja katikati ya ghala la tatu. Akanionyesha tangazo jipya. Walikuwa wameandika kwamba ni gemu ngumu kuliko zote zilizowahi kutoka ukanda huu. Ugumu ndio unaouza, akasema. Tukilegeza, tutaonekana tumeomba msamaha.

La pili, anipe rekodi ya chumba cha mwisho, ile ya simu tu, nimpelekee mama wa marehemu. Akasema sauti zote ni mali ya wawekezaji, kuna mkataba, Solange mwenyewe alisaini. Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: "Mama yake akinunua gemu, ataisikia."

Nilimfuata Fiston. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye mashine siku ile. Nikamwambia kama huwezi kuniibia rekodi, basi niambie alisema nini. Alizungusha kontrola mkononi. Akasema hakumbuki.

"Ulikuwa humo chumbani, Fiston."

"Nilikuwa naangalia mshale," akasema. "Ule wa sauti, usifike kwenye nyekundu. Alikuwa anaongea chini sana, halafu ghafla juu. Niliangalia mshale tu." Akafuta uso kwa kiganja. "Ihangane, Mama Ineza. Sikusikia hata neno."

Ihangane ndilo neno letu la kumwambia mtu avumilie. Alikuwa anamwambia nani, sijui. Ila siku ile sikumkasirikia. Mimi pia ningeangalia mshale. Ndivyo tulivyofundishwa.

Niliacha kazi mwisho wa mwezi. Nyumbani nilikuwa na kompyuta yangu ya zamani, nikainunua Sikio kama mtu yeyote wa barabarani. Sisi kazini tulikuwa na vitufe vya siri vya kuruka hatua, ila nakala yetu haikuwekwa sauti ya chumba cha mwisho. Gemu ya dukani ina sauti hiyo, vitufe haina. Nikafanya mazoezi Ineza akilala, nikafika ngazi za chuma, mara mbili nikazipanda mpaka juu, nikazima kabla ya kuingia chumba cha simu, nisimtangulie mama yake kusikia. Nikaona inatosha. Nikampigia Mama Solange, nikamwambia Jumapili baada ya misa nitakuja, nina kitu alichoachiwa.

Gatsata Jumapili magereji yamefungwa, kuna kimya ambacho siku nyingine hukipati. Mama Solange ni mtu mfupi, anatembea kama anayehesabu mawe. Alimpokea Ineza kwanza, mimi baadaye, kama inavyotakiwa. Alikuwa na ungo wa maharage mapajani. Nikaweka kompyuta juu ya kiti cha plastiki, nikachomoa hedifoni ili sauti itoke nje, nikamweleza: huyu mwanamke anaitwa Maria, amefungiwa kiwandani, mwisho kabisa atapiga simu, na maneno ya kwenye simu ni ya Solange, ameongea na wewe. Tusubiri tufike.

Akatikisa kichwa. Nikaanza.

Ghala la kwanza nililipita bila shida. Kwenye chumba cha jiko nilihifadhi haraka nikatoka, nilikuwa na haraka ya kufika. Niliona kwa pembeni kwamba mikono ya Mama imeacha kuchambua maharage. Nikadhani anaogopa giza. Ghala la pili. Jiko la pili. Kisha la tatu, na vidole vyangu, ambavyo nyumbani vilikuwa hodari, vikaanza kutoa jasho.

"Nimekufa," nikasema. Ndivyo tunavyosema kazini, mnajua. Mtu anakufa huku anatafuna chapati. "Subiri kidogo, Mama, nimekufa tena."

Nikarudi nyuma, nikakimbia, nikazuia pumzi, pumzi ikatoka, Msikilizaji akaja. Nikasema tena vilevile. Nikarudia. Niliinama mbele kabisa. Sikuwa namwangalia.

"Mwanangu," Mama Solange akasema, "nani amekufa?"

Nikageuka. Ungo ulikuwa chini.

"Huyo anayehema ni Solange."

"Ndiyo, Mama. Ni sauti yake."

"Basi usiseme umekufa wewe."

Nawaapia sikuwahi kulifikiria. Miaka ile yote, ofisi nzima, hedifoni masikioni. Tulikuwa tumezisikia pumzi zile za mwisho siku nzima kila siku, za mtu tuliyekula naye, na kila mmoja alikuwa akiangalia mshale wake. Nilikuwa nimemletea mwanamke huyu mtoto wake, nikamuua mbele yake, nikamrudisha, nikamuua, na nikamwomba asubiri kidogo.

Nilianza kusema samahani, nikaanza kueleza kwamba ujumbe uko mbele, kwamba nilimwahidi, kwamba nikipanda zile ngazi tu. Alininyamazisha kwa mkono.

"Huko mbele amezidiwa kuliko hapa?"

Nikafikiria chumba cha mwisho. Kilirekodiwa baada ya hiki.

"Ndiyo, Mama."

"Kuhema huku nilikusikia hospitali, mimi na yeye peke yetu. Kulinitosha." Akamvuta Ineza mapajani, mahali palipokuwa na ungo. "Turudi kule mwanzo. Pale alipokuwa anapanda ngazi."

Sikuwa nimemwambia habari za ngazi.

Nilifungua gemu upya. Mlango wa kwanza, ule wa kuvuta, ambao tuliurekebisha. Nikamkimbiza Maria kidogo tu, kiasi cha kuhema vizuri, nikamwingiza kwenye chumba cha jiko, nikamkalisha kwenye kigoda. Akakunjua mikono juu ya makaa. Kile kicheko kilichomezwa kikapita, na Mama Solange akakitambua, maana alitoa sauti ndogo ya puani kama mtu anayemkanya mtoto kanisani. Kisha pumzi zikaanza kushuka. Za mtu mzima mwenye afya, aliyetoka kupanda, anayepumzika.

Kwa hiyo ahadi yangu sikuitimiza. Ujumbe bado uko kule juu ya ngazi za chuma, na kama kuna mmoja wenu mwenye vidole vipya na moyo wa kuufikia, asiniite nisikilize. Na kama mnaweza kumshinda Bosi, wekeni jiko katikati ya ghala la tatu, mtu apate pa kukaa. Nyinyi mna vitufe, mimi sina tena.

Ineza alilala. Mama Solange akasogeza kiti karibu na kompyuta, akaegemeza kichwa upande wa spika. Kazini, mhusika akikaa bila kufanya kitu, kidole kinawasha, unataka kumgeuza shingo, kumwinua, kuona kama kuna kasoro. Nikaweka kontrola sakafuni, nikakalia mikono yangu.